Ufunguo wa Ghala la Kore

Tangu toleo lililopita, barua zinazofika kwenye meza hii zina ugomvi mmoja tu: shahada ya jiolojia ya petroli ibadilishwe jina au iachwe? Wapo wanaosema dunia inayapa mafuta kisogo, na vijana waliokimbilia fani hii baada ya visima vya Pweza na Chewa mwaka 2010 wengi wao bado wanazunguka na vyeti mkononi. Wapo wanaojibu kwamba gesi ya bahari kuu, ile ya futi za ujazo trilioni 57 tunayotajiwa kila kukicha, haitajichimba yenyewe. Barua zote nimezisoma, na nakiri zimenichosha.

Jina halijawahi kumzuia mtu wa mabonde kulisoma bonde. Chukueni udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi. Mtu wa petroli akiuona huwaza funiko, kwa kuwa haupitishi kitu. Kwa sababu hiyo hiyo maganda ya foraminifera, viumbe vidogo vya baharini, yamekaa humo mamilioni ya miaka yaking'aa kama kioo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake waliyatumia kukadiria joto la bahari za tropiki katika Kretasia ya mwisho na Eosini. Mwaka 2009 wakakadiria kwayo kaboni dioksidi iliyokuwa hewani wakati barafu ya Antaktika inajikusanya. Mashapo ya Karoo yana makaa ya Ruhuhu na urani ya Mto Mkuju. Rukwa ina heli. Kimbiji ina maji. Anayelijua bonde hana sababu ya kuomba radhi kwa neno lililoandikwa kwenye cheti.

Kinachonikera mimi ni ngazi ya vyeo. Mhadhiri kijana anayekaa miaka mitano akitafsiri data za mitetemo na kumbukumbu za visima huishia na ripoti iliyopigwa muhuri wa siri. Akifika mbele ya kamati, ripoti ile ni kama haikuandikwa. Mwenzake aliyepima kokoto za mtoni ana makala sita na anaitwa mhadhiri mwandamizi. (Sina ugomvi na kokoto, nilianza nazo.) Basi kijana anajifunza haraka. Ama anahamia kampuni, ambako siri inalipwa, ama anabaki kuandika juu ya miamba inayoonekana kando ya barabara, na kilomita tatu za mashapo zilizo chini yake anawaachia wageni wenye kibali.

Wanaosema kipaji kitajitokeza tu hata bila data, wamtazame Peter Kent. Kati ya 1952 na 1964, BP na Shell walizunguka pwani yetu, wakachimba Unguja, Pemba, Mafia na Mandawa, wasipate cha kuuza, wakaondoka. Kent, mtu wa BP, pamoja na Hunt na Johnstone, wakachapa mwaka 1971 kitabu juu ya jiolojia ya pwani ya Tanzania, na hadi leo mwanafunzi wa pwani ni vigumu akikwepe. Kent alikuwa mwanajiolojia hodari, lakini hodari wengine hawakuwa na ufunguo wa kabati la data. Peter Vail na wenzake wa Exxon, ambao kazi yao ya 1977 ilitufundisha kusoma mitetemo kwa mfuatano wa tabaka, nao walikuwa wamekalia kabati la kampuni. Mtanitajia Dan McKenzie, aliyeandika mwaka 1978, kwa kurasa chache, jinsi bonde linavyodidimia ganda la dunia likivutwa. Sawa. Lakini akina McKenzie hawazaliwi kila muhula, na hesabu ile ukitaka kuijaribu mahali, bado unahitaji kisima.

Mimi mwenyewe niliwahi kuomba kuziona kore, yaani nguzo za mwamba zilizotolewa chini, za kisima kimoja cha zamani. Ofisi husika, ambayo sitaitaja, ilinijibu baada ya miezi kumi na minne. Nilipofika ghalani, nusu ya masanduku lebo zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Siri ilikuwa imelindwa vizuri sana, hata mwenye mali hakuweza tena kuisoma. Wahenga walikwishasema juu ya mali bila daftari.

Naelewa hofu ya mwekezaji anayepakana na kitalu cha mshindani. Lakini Norwei, ambayo hakuna anayeicheka kwa kutojua biashara ya mafuta, data za visima kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 2. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam 2004. Katika kisima cha nusu karne imebaki siri gani ya kibiashara? Napendekeza miaka mitano, ghala lenye paa lisilovuja, na kamati za vyeo zikubali ripoti iliyofunguliwa na kupitiwa na wataalamu kuwa ni kazi ya kitaaluma.

Katika toleo hili mna makala ndefu juu ya mchanga wa Kretasia wa Mandawa, isomwe polepole. Mwandishi wetu wa Kampala anarudi Ziwa Albert, kwa mwanajiolojia Wayland na ripoti yake ya 1925, ili kuuliza kwa nini ilichukua hadi 2006 kuyapata mafuta yenye kuuzika. Kuna mapitio ya vitabu viwili, kimoja kizuri. Makala ya Lokichar ni fupi na ina ubishi; majibu yanakaribishwa.

Ramani ya makala ya Mandawa ina kidoti kimoja cheusi kisicho na jina. Mwandishi alionyeshwa kore za kisima kile kwa sharti asikitaje. Mchoraji wetu alidhani ni kosa, akataka kukifuta, nimemwambia akiache.