Muda wa Hazina ya Usawazishaji unayoyoma, na sisi tungali gizani



Nataka kuwauliza wabunge na maseneta wetu jambo ambalo silisikii likitajwa katika mikutano ya hadhara. Tarehe 27 Agosti 2030 Katiba ya Kenya itatimiza miaka 20, na siku hiyo hiyo uhai wa Hazina ya Usawazishaji utakoma. Ndivyo kinavyosema Kifungu cha 204. Je, haki yetu ambayo haikulipwa itakuwa ya nani?

Katiba iliagiza kwamba kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa itengwe kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Fedha hizo ni za mambo manne: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Lengo ni kuyafikisha maeneo hayo kwenye kiwango cha huduma wanachopata Wakenya wengine. Hatukupewa sadaka. Tuliandikiwa haki, tukaipigia kura.

Naandika kutoka Kinango, Kaunti ya Kwale. Zahanati iliyo karibu nami haina umeme. Mama akishikwa na uchungu usiku, muuguzi humzalisha kwa mwanga wa simu, na simu yenyewe huwa imeshinda dukani ikichajiwa kwa sola ya mwenye duka. Uchungu ukiwa na matatizo, huitwa boda boda, na mgonjwa hukalishwa katikati ya dereva na shangazi yake anayemshika asianguke. Mvua ikinyesha, lile korongo lililoko njiani halivukiki kwa pikipiki wala kwa gari, na watu hungoja ng'ambo hadi maji yapungue. Kiangazi nacho kikija, silanga hukauka ikabaki tope. Kisima kilichochimbwa hutoa maji ya chumvi ambayo hata punda huyanusa kwanza. Wasichana wa gredi ya saba na ya nane huamka alfajiri kwenda kutafuta maji, wakafika shuleni somo la pili limekwisha. Nimefundisha huku maisha yangu yote ya kazi, na watoto niliowaona wakisinzia darasani hawakuwa wavivu.

Basi miaka yetu 20 inakwenda wapi? Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ya kutambua maeneo yaliyoachwa nyuma ilitoka mwaka 2013. Ilitaja kaunti 14, zikiwemo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta hapa Pwani. Tulifurahi. Baadaye ukazuka mvutano kati ya magavana na serikali ya kitaifa kuhusu nani asimamie fedha hizo, ukafika kortini, na Novemba 2019 Mahakama Kuu ikafutilia mbali mwongozo uliokuwa ukitumika. Kanuni mpya zilipatikana mwaka 2021. Magavana siwalaumu kwa kwenda mahakamani, kwa kuwa maji na zahanati ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo. Lakini wakati mawakili wakibishana, miaka yetu ilikuwa inahesabiwa. Ilipofika 2021, miaka 11 ilikuwa imekwisha.

Hata hiyo nusu ya asilimia haitufikii kamili. Hukokotolewa kwa hesabu za mapato zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likikawia kuidhinisha, tunagawiwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, na huku bei ya saruji na mabomba ni ya leo. Kisha kile kinachopitishwa na sheria hakitumwi chote, ndiyo maana malimbikizo yamefikia mabilioni ya shilingi. Mshahara wa mbunge hausubiri miaka kwa sababu Wizara ya Fedha imebanwa. Kwa nini bomba la maji la Samburu au la Wajir ndilo lisubiri?

Sera ya pili, ya mwaka 2018, iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima ikataja kata ndogo 1,424 katika kaunti 34. Naiunga mkono, kwa sababu hata kaunti yenye lami na viwanda ina vijiji vilivyosahauliwa. Tatizo ni kwamba chungu kilibaki kilekile na waliokizunguka wakaongezeka. Ukigawanya kiasi kidogo kwa kata ndogo zote hizo, unapata zahanati moja hapa na tangi moja pale, na barabara ya kuvuka lile korongo haijengwi kamwe.

Katiba haikutufungia mlango. Kifungu hicho hicho kinaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kuongeza muda wa Hazina kwa miaka maalumu, mradi iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya jumbe zote za kaunti katika Seneti. Kura hizo haziji kwa siku moja. Kaunti 34 zina kata ndogo katika orodha, kwa hiyo maseneta wa kaunti hizo pekee wakisimama pamoja, upande wa Seneti umeshapita. Kazi iko kwa wabunge, na wetu wa Pwani ndio ningependa wawe wa kwanza kuzunguka kutafuta uungaji mkono.

Mswada wa kuongeza muda utaje pia malimbikizo: kila mwaka tulistahili kiasi gani, kilitumwa kiasi gani, na kilichobaki kitalipwa lini. Orodha ya kila kata ndogo na mradi wake ibandikwe katika ofisi ya chifu, tuisome wenyewe. Na uwasilishwe kabla ya uchaguzi wa 2027, kwa sababu Bunge litakaloingia baada ya hapo litabakiwa na miaka mitatu tu, na mwaka wa kwanza huishia kwenye kugawana kamati.

Mwalimu mstaafu,
Kinango, Kaunti ya Kwale