TUNAPIMA MTU AU TUNAPIMA JEZI?

Ndugu msomaji, mimi ni Simba. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ya makala hii ukadhani umenifumania. Kwetu Kilosa baba ni Simba, kaka zangu wote wawili ni Simba, na jogoo wa uani tulimpa jina la Kibadeni kwa heshima ya yale mabao matatu ya mwaka 1977. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kama mtu wa pembeni asiyejua utamu wa ushabiki. Nayasema kama mmoja wa waongo.

Mwanzoni mwa Julai 2024 nilikuwa Mikumi nasubiri gari la kurudi Kilosa. Lilikuwa halijajaa, nikajibanza kwenye kijiwe cha kahawa kando ya barabara kuu, pale yanapopumzika malori yanayokwenda Tunduma na Zambia. Habari ilikuwa moja tu. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, kiungo aliyekuja kwetu 2018, kavuka mtaa. Kasaini Yanga. Watoto wa Jangwani walikuwa wamevimba mashavu utadhani wamemnunua kwa fedha zao wenyewe.

"Tumewachomoa roho!" akapiga kelele jamaa mmoja, fundi wa matairi. "Kiungo bora Afrika Mashariki nzima! Mtakoma mwaka huu!"

Nami, kahawa ikiwa bado mdomoni, nikamjibu: "Mchukueni tu babu huyo. Tui tumekunywa sisi, ninyi mmepewa machicha."

Kijiwe kikaangua kicheko. Nikajiona bingwa. Lakini hebu tulia, msomaji, utazame kilichotendeka. Yule fundi namfahamu. Machi 2023, Simba ilipoichapa Horoya ya Guinea 7-0 na Chama akafunga matatu peke yake, fundi huyu huyu alisema mbele yangu kwamba Chama ni mchezaji wa mechi nyepesi, anatembea uwanjani kama bwana harusi. Na mimi mwezi huo huo niliapa kwamba Afrika hii haina kiungo kama yeye. Leo kila mmoja wetu alikuwa amesimama kwenye maneno ya mwenzake. Tulibadilishana uongo kama watoto wanavyobadilishana gololi, na hakuna aliyeona haya.

Mtu pekee aliyesema la maana pale alikuwa Mzambia. Dereva wa lori, mtu wa Kitwe, Kiswahili chake cha barabarani lakini kinajitosheleza. Vijana wakamgeukia kama shahidi: "Wewe ndiye wa kwao. Sema, huyu mtu ana thamani au hana?"

Yule bwana akaweka kikombe chini. Akasema yeye ni Nkana damu. Desemba 2018 Nkana waliifunga Simba 2-1 pale Kitwe, wakaja Dar es Salaam na matumaini yao, wakafungwa 3-1. Bao la tatu, lile la dakika za mwisho lililowatoa kwenye Ligi ya Mabingwa, alilifunga Chama.

"Siku ile mimi sikula," alisema. "Kwa hiyo msiniulize kama anajua mpira. Anajua. Niulizeni ana miaka mingapi, na kocha wenu atamweka wapi."

Kimya. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba ana 33. Atamweka wapi? Hakuna aliyejibu. Mara fundi akakumbuka kejeli nyingine, kelele zikarudi, na Mzambia akalipa kahawa yake akapanda lori lake akaondoka.

Basi nauliza, kati yetu sote pale kijiweni, nani alikuwa na haki zaidi ya kumchukia Chama? Ni huyo aliyelala njaa kwa ajili yake. Na ndiye peke yake aliyempima kwa haki! Sisi wengine, wenye redio, wenye simu, tuliokuwa tukimwona kila wiki kwenye kibanda umiza, tulikuwa tunapima kitambaa.

Gari likajaa, tukaondoka. Tukapita Ulaya (Ulaya yetu hii ya Kilosa, si ile ya Samatta), jioni nikawa kwa mjomba. Mjomba wangu ni mstaafu wa reli na ni Yanga wa kutupwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwamba kaja nyumbani."

Ndivyo alivyonipokea, hakuna cha pole na safari. Mtu huyu kwa miaka sita alikuwa hamwiti Chama Mwamba, alikuwa anamwita Kokoto. Tukaanza. Yeye akisifu, mimi naponda, na kila aliposifu nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka uliotangulia. Ubishi ukapanda. Mkaza mjomba alikuwa anatenga ugali na mlenda, na mimi kwa kutaka neno la kummaliza mzee nikasema: "Lakini ninyi Yanga ndivyo mlivyo, mmezoea makombo ya wenzenu."

Ukoo mzima unajua kwamba mkaza mjomba aliwahi kuolewa kwingine kabla ya kuja kwa mjomba. Mimi pia najua. Sikumlenga yeye, naapa, nilimlenga Chama! Lakini yule mama aliweka bakuli mezani polepole, akaingia ndani, hakutoka tena. Mjomba akanitazama. Hakuniambia kitu usiku ule, wala mwezi ule, wala hadi mwaka ulipogeuka na mimi nikaenda kumpigia mama yule magoti.

Kumbe basi maneno ya ushabiki si upepo kama tunavyodai. Mtu akizoea kumwita binadamu machicha leo na lulu kesho kutwa, kwa kutazama tu yuko upande gani, ulimi wake unaharibika, na ulimi ulioharibika hauchagui pa kukata.

Usiku ule usingizi haukuja, nikafungua daftari langu la mashairi. Mwezi ule ule Simba walikuwa wamemleta Jean Charles Ahoua kutoka Stella ya Abidjan, ndio hao hao Stella waliotunyang'anya Kombe la CAF mbele ya macho yetu Dar es Salaam mwaka 1993, na sasa tulikuwa tunamwimba kijana wao hata jasho hatujaliona. Kwenye daftari kulikuwa na shairi la beti saba nililomtungia Chama baada ya ile mechi ya Horoya. Nikachukua kalamu, nikakata Chama, nikaandika Ahoua. Shida ilikuwa moja tu: Ahoua lina mizani nyingi kuliko Chama, ikabidi niondoe silabi hapa na pale. Mengine yote yalikaa sawasawa. Miguu ya hariri, jicho la mwewe, pasi zinazojua njia. Dakika kumi, kazi kwisha.

Sasa nambieni ninyi washikaji mnaojifunza kuandika kama mimi. Shairi ambalo jina la mtu linavulika kama kofia na kuvalishwa mwingine, lilikuwa linamsifu nani? Chama hakuwamo mle tangu mwanzo. Sikuwa nimeandika jinsi anavyosimama kabla mpira haujamfikia, akiangalia begani kwanza. Sikuandika kwamba mabeki wakimwacha nafasi hana haraka, na wakimbana anapotea. Hayo niliyaona kwa macho yangu, lakini sikuyaandika, kwa sababu la pili lisingemfurahisha mtu wa Msimbazi na la kwanza lilihitaji kufikiri.

Wala msinione nimemwonea Chama peke yake. Juma Kaseja alidaka Simba, akaenda Yanga 2008, akarudi Simba, akaenda tena Yanga 2013. Desemba ya mwaka huo Simba wakashinda 3-1, na waliokuwa wakimsifu juzi wakambebesha mabao yote. Haruna Niyonzima kavuka na kurudi. Ajibu kavuka na kurudi. Okwi, tuliyemuuza Tunisia kwa dola 300,000, Desemba 2013 alikuwa Yanga, 2014 Simba tena. Halafu kuna Bernard Morrison. Machi 8, 2020 frikiki yake iliipa Yanga ushindi wa 1-0 dhidi yetu, tukamwita mhuni. Agosti akaja kwetu, akawa msanii! Huku Yanga ikipigania mkataba wake hadi kwenye mahakama ya michezo kule Uswisi, mashabiki wake wakisema vijiweni kwamba hana faida. Mali isiyo na faida inafuatwa hadi Uswisi? Na hata midomo yenyewe ilihama: mwaka 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alienda kuwa msemaji wa Yanga. Yeye angalau ilikuwa kazi, alilipwa. Wewe na mimi tunalipwa na nani?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa huu ni utani wa jadi, kwamba soka bila kejeli ni chai bila sukari, kwamba nimezeeka kabla ya umri. Vizuri. Lakini jamani, sisi wa Kilosa ndio tutadanganywa kuhusu utani? Nenda kwenye msiba wa wazee wetu huku. Mtani ndiye anayezuia jeneza mpaka apewe chochote, ndiye anayelala chali kama marehemu huku akipiga kelele, "Huyu alikuwa mchoyo, kuku wake hata jirani hakuonja!" Watu wanacheka na machozi yanatoka. Kwa nini? Kwa sababu ni kweli! Marehemu alikuwa mchoyo, na ndugu hawathubutu kulisema. Mtani kapewa ruhusa ya kusema lililo kweli ambalo mwenye nyumba analificha. Mtani wa uongo hachekeshi, anafukuzwa matangani.

Huu wa Msimbazi na Jangwani umebaki na kelele tu. Mtani wa kweli mwezi ule angetuambia sisi Simba: mmemaliza ligi nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, mwenye ubunifu wenu mmemwachia aondoke, na mnajifanya hamjali. Na angewaambia Yanga: mmetoka kuchukua ubingwa, mnaye Aziz Ki aliyefunga mabao 21, mnaye Pacome, mnaye Maxi, na mmemsajili mtu wa miaka 33 anayecheza eneo lao hao hao, mmemchukua kwa kazi ya uwanjani au kwa kutukomoa? Maswali haya yangeuma, na yangechekesha. Hakuna aliyeyauliza. Mzambia alijaribu, tukamwacha aondoke na lori lake.

Mnajua jinsi ilivyokwisha. Yanga walichukua ubingwa tena 2024/25. Chama alikaa nao msimu mmoja, akaenda Singida Black Stars. Ahoua alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Unadhani kuna aliyejifunza? Kwetu tulisema "si tuliwaambia," ingawa hatukuwaambia chochote, tuliwatukana tu. Wao wakasema lengo lilikuwa kutuumiza na tumeumia. Na Ahoua wakaanza kumhesabia penalti zake moja moja, watu ambao mwaka uliopita walikuwa hawajui hata kuhesabu.

Kinachonikera zaidi, na hapa naomba mhariri asinikate, ni kwamba ugonjwa huu umeingia hata humu kwetu waandishi vijana. Mwenzetu wa kikundi chetu akitoa hadithi, ni "bonge la kazi, mzee". Wa kikundi kingine akitoa, ni "takataka", na aliyesema takataka hajafika ukurasa wa pili. Mshairi akihama kutoka vina kwenda mashairi huru, waliokuwa wakimwita mwalimu wanamwita mwasi jioni ile ile, kwa beti ambazo hawajazisoma. Halafu tunakaa tunalalamika kwamba nchi hii haina wahakiki! Watatoka wapi, kama shule yetu ya uhakiki ni kile kijiwe cha Mikumi?

Simwambii mtu aache timu yake. Mimi siachi. Nitapiga kelele, nitavaa nyekundu, nitamzomea mtani akikosa penalti. Kushangilia ni haki yangu. Ila ukiniuliza huyu mtu ana thamani gani, hapo umeniomba ushahidi, na shahidi hatakiwi kutazama rangi ya shati kabla ya kufungua mdomo.

Daftari nimelirekebisha. Jina la Chama limerudi mahali pake, na zile beti saba zimebaki mbili tu, maana nyingine zilikuwa hazimhusu. Nilimsomea mjomba. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina ubavu wa kumwandikia na mtu wa Yanga ambaye hajawahi kuvaa jezi yetu.

Haya, naanza hapa hapa. Msimu ule wa 2023/24 Stephane Aziz Ki alikuwa bora kuliko kiungo yeyote tuliyekuwa naye Simba, Chama akiwamo. Alikuwa bora hata kabla ya ile Novemba 5 tuliyofungwa 5-1 na yeye akiwa mmoja wa wafungaji, nami nilijua tangu wakati ule na nikasema anabebwa na waamuzi. Wana Msimbazi wenzangu, kijiwe ninachokaa mnakijua.