Mfundisheni Kwanza, Ndipo Mseme Hawezi

Mwaka jana bibi wa mwenzetu mmoja alipimwa kama anaweza kuendesha kiti cha magurudumu cha umeme. Shughuli yote haikufika saa moja. Alikalishwa kitini, akaonyeshwa kijiti cha kuendeshea, akaambiwa kwa Kiingereza aende mbele, ageuke kushoto, apite mlangoni, asimame. Akagonga fremu ya mlango mara mbili. Barua ilipokuja ilisema kwamba kwa hali ya kumbukumbu zake, kiti cha namna hiyo si salama.

Bibi ana miaka 79, mzaliwa wa Mombasa. Magoti yamekwisha, mabega hayana nguvu za kusukuma magurudumu kwa mikono, na ana ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari huuita demenshia. Tangu barua ile, akitaka kutoka sebuleni kwenda jikoni ni lazima angoje mtu.

Sisi tunaoandika makala haya (mwalimu wetu anasisitiza ni "makala haya", nasi tumetii) ni wanachama wanne wa chama chetu, na tunaona bibi alionewa. Si kwamba waliompima walikuwa na nia mbaya. Walimpima katika jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa lugha anayozidi kuipoteza, kisha wakaandika kuwa akili yake ndiyo iliyoshindwa. Mmoja wetu alianguka mtihani wa gari mara tatu baada ya masomo ya miezi minane, na hakuna aliyemwandikia barua kuhusu akili yake, ingawa dada yake alitaka sana kufanya hivyo.

Watu wengi hudhani anayesahau amefungiwa mlango wa kujifunza. Hapa ndipo tulipojifunza mengi kwa kusoma. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, kijana mmoja mwenye kifafa kikali alipasuliwa ubongo, na tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu uone ilivyo vigumu. Siku baada ya siku kijana yule alichora vizuri zaidi, na kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza kuiona kazi ile. Mkono ulijifunza na mwenyewe hakujua. Demenshia si jeraha lile, wala haimshiki kila mtu kwa namna moja, lakini kwa wagonjwa wengi kumbukumbu ya vitendo hudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya matukio. Bibi huyu hakumbuki alikula nini asubuhi, lakini mpe unga uone chapati.

Jambo la pili linahusu makosa. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson, watafiti wa Cambridge, walionyesha kwamba watu waliopoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa wasikosee wakati wa kujifunza. Sababu yake ukiifikiri ni rahisi. Mimi nikikosea leo, kesho nakumbuka kuwa lile lilikuwa kosa, naliepuka. Asiyekumbuka hana breki hiyo. Alichokifanya ndicho kinachobaki mkononi, kiwe sawa au kiwe kosa. Kwa hiyo kumwacha mtu kama bibi agonge mlango ili "ajifunze" ni kumfundisha kugonga mlango.

Basi tukaamua kujaribu. Jirani aliyefiwa na mumewe alituazima kiti cha marehemu. Mwenzetu anayesomea tiba kwa vitendo alimwomba mwalimu wake atuongoze. Alikuja siku mbili za mwanzo na kukipunguza kiti mwendo hadi ule wa chini kabisa. Tulipewa ukumbi wa jumuiya, Jumatano na Jumamosi. Dakika kumi na tano tu kila mara, kwa maana bibi akichoka anachanganyikiwa. Mkono wetu juu ya mkono wake, jambo moja kwa wakati mmoja: kwenda na kusimama. Kugeuka kulingoja hadi wiki ya tatu. Kurudi nyuma hatujakufundisha hata leo.

Tulifikiri kazi yetu ni kutafsiri tu. Siku ya kwanza, kiti kikiwa bado kimezimwa, tulimwambia, "Bibi, simama." Bibi akashika mikono ya kiti akaanza kuinuka.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Katika Kiswahili anayetembea akitulia amesimama, na aliyeketi akiinuka amesimama. Sisi tuliozaliwa huku hatukuwahi kuliwazia neno hilo, na kama kiti kingekuwa kinakwenda angeanguka. Tukabadilisha, tukasema "achilia", kwa kuwa kijiti ukikiachilia kiti hutulia chenyewe. Bibi alitutazama kama watangazaji wa redio. Hatimaye tuliuliza kwa simu Mombasa, na shangazi yake mwenzetu akatwambia, "Mwambieni *wata*! Nani nyumbani kwenu husema *achilia*?" Tukasema "wata", na mkono ukafunguka papo hapo.

Tangu hapo maneno yetu ni manne na hayabadiliki, awe anayesema ni nani: enda, wata, kulia, kushoto. Kwa Kiingereza bibi alikuwa akichanganya pande. Kwa Kiswahili hajachanganya hata mara moja, na sisi tunadhani ni kwa sababu mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, jambo aliloshikishwa kabla hajajua kusema vizuri. Katikati ya mazoezi tunamuuliza, "Bibi, ukitaka kiti kitulie wafanyaje?" Anajibu, "Nawata." Tunauliza tena baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, kisha mbili, kisha nne. Akikwama tunampa jibu mara moja, hatumwachi akisie, na tunarudi kwenye muda ule mfupi aliouweza.

Kila Jumamosi huuliza, "Kiti cha nani hichi?" Wiki ya tano aliuliza hivyo hivyo, akaketi, akakipitisha mlango wa ukumbi bila mkono wa mtu juu ya wake.

Hatutaki kudanganya. Jumamosi moja watoto waliingia wakikimbia, bibi akashtuka, akakibana kijiti badala ya kukiwata, na kiti kikagonga meza ya chai. Hakuumia mtu, lakini kiti cha umeme pamoja na mtu aliyekikalia kinaweza kupita kilo 150, na mguu wa mtoto si mguu wa meza. Hapa Uingereza huhitaji leseni ya kuendesha kiti kama hiki njiani, na mwendo wa kando ya barabara unaruhusiwa hadi maili 4 kwa saa. Hatusemi bibi aende sokoni peke yake. Wapo pia wazee ambao hata wakifundishwa mwaka mzima mkono hautafunguka wakiambiwa "wata", na hao wasipewe. Lakini kati ya barabara na kochi kuna sebule, ushoroba, jikoni, bustani. Kuna kiti kilichopunguzwa mwendo, na kuna kidhibiti cha pili ambacho hufungwa nyuma ili msaidizi aongoze panapokuwa pagumu. Barua ile haikutaja hata kimoja.

Na tusiwalaumu wageni peke yao. Mama wa mwenzetu aliposikia mpango wetu alisema, "Mwataka kumuua mamangu?" Nyumbani kwetu heshima ya mzee ni kukaa. Akitaka maji analetewa, akitaka kuinuka anaambiwa, "Tulia bibi, sisi tupo kwa nini?" Tumelelewa hivyo, na ni malezi mema. Lakini hatukuwahi kumuuliza kama anataka kuletewa. Alipoulizwa alisema anataka kuona wanavyopika wali, kwa sababu haamini.

Sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kiakili, inayotumika England na Wales, inasema mtu asihesabiwe kuwa hawezi kufanya uamuzi mpaka juhudi zote zinazowezekana za kumsaidia zimefanywa na kushindikana. Tunajua sheria hiyo inahusu maamuzi, si kuendesha viti. Tunauliza tu kwa nini fikra hiyo hiyo isifike kwenye kiti: kwanza msaada, kisha hukumu. Wiki tatu za mafunzo kabla ya kipimo, na mtu wa kusema naye kwa maneno yake.

Familia imeomba bibi apimwe tena, na safari hii kuwe na mkalimani anayejua "wata" ni nini. Wamekubaliwa, tarehe ni mwezi ujao.

Kwa walimu wetu tuna ombi moja. Tusaidieni kutengeneza orodha ya maneno ya kuendeshea kiti, isiyokomea kwenye Kiswahili sanifu. Babu wa Bukavu, bibi wa Unguja, mzee aliyekulia Muscat, kila mmoja ana neno lake la kuambiwa aachilie kitu, na ni afadhali tulijue kabla kiti hakijawashwa.

Kwa wanachama: mazoezi yanaendelea Jumatano saa kumi na moja jioni na Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi ule ule tunaofanyia sherehe ya Idi. Tunahitaji watu wawili wa kukaa mlangoni kuzuia watoto, na mmoja wa kuandika. Vaeni viatu vigumu.