Titan: kompyuta haioni tabaka lililoachana

Wadau, tarehe 18 Juni 2023 chombo cha kuzamia cha Titan kilipondwa na bahari kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, watu 5 wakafa. Wapo wanaosema bahati mbaya. Bahati mbaya ipi jamani?

Bomba lake lilikuwa la nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, limegandishwa kwa gundi kwenye pete za titaniamu. Kompyuta hulikata umbo kama hilo vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu ya mgandamizo wa kila kimoja. Safi sana, ila ukiiambia matabaka yameshikana, inaamini tu. Na matabaka huachana ndani kwa ndani, nje huoni kitu.

Onyo lilikuwepo! David Lochridge, aliyetaka bomba la kwanza lipimwe, alifukuzwa kazi na OceanGate 2018. Julai 2022, kwenye bomba la pili, ukasikika mlio mkubwa na vipimo vikabadilika. Safari zikaendelea.

Mimi nasema hesabu bila kupima kitu chenyewe ni ramli. Nyie mnaonaje?