Ilani ya Asubuhi za Bamvua

Sisi tunaoitoa ilani hii ni walimu wa shule za msingi, wazazi, wavuvi na akina mama wachokoaji pweza wa mwambao wa Tanzania, kutoka Moa hadi Msimbati. Tuna dai moja: mtoto wa pwani afundishwe pwani, na ratiba ya shule ikubali kufuata maji.

Kila mvuvi anajua jambo ambalo ratiba zetu hazilijui. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika mwambao wetu, siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na palipokuwa bahari alfajiri mtu hutembea kwa miguu kati ya madimbwi, majani ya bahari na miamba iliyo wazi. Saa hiyohiyo mwanafunzi wa Darasa la Nne ameketi kwenye dawati, ananakili ubaoni orodha ya viumbe wa majini. Akiruhusiwa saa nane, maji yamekwisha kurudi. Tumewapangia watoto wetu masomo ya bahari katika saa ileile tuliyowazuia wasiione.

Zamani mtoto alijifunza kwa kufuatana na wakubwa. Alimfuata bibi yake mwambani, akamwona anasimama mbele ya tundu, anatazama magamba ya kaa na kombe yaliyotupwa mlangoni, akajua kwamba pweza mwenyewe yumo ndani. Alionywa mwiba wa taa kabla hajaukanyaga. Kwa fundi wa vyombo alijifunza kuwa mataruma hutoka kwenye mlilana, na kwa waliotia nyavu rangi alijifunza gome la mkandaa. Aliramba jani la mchu akaonja chumvi, maana mti ule hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi majanini. Aliona mbegu ya mkoko ikichipua ingali inaning'inia kwa mama yake, ndefu na yenye ncha, tayari kuanguka na kushika tope. Leo mambo hayo yamo vitabuni, na mtoto huyachora vizuri. Wengi hawajapata kuyagusa, ingawa upepo wa bahari unaingia dirishani mwa darasa lao.

Hatuisifu zamani yote. Wasichana wengi waliijua miamba vizuri kwa sababu walinyimwa shule. Na mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea na kutaka kila shule iwe na shamba, alikuwa na wazo kubwa ambalo tunaliheshimu hadi leo. Lakini katika shule nyingi jembe liliishia kuwa adhabu ya aliyechelewa. Mtoto aliyelimishwa kwa adhabu hakuupenda udongo. Kwa hiyo tunasema mapema: asubuhi za bamvua zisigeuzwe kazi ya mikono, wala watoto wasitumwe kuwakusanyia wakubwa kitoweo. Wakiinua jiwe walirudishe lilivyokuwa, kwa kuwa chini yake pana mayai na viumbe wanaokufa kwa jua.

Tunataka mtoto ajue kwamba pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Ajue pia kwamba pweza hukua haraka sana. Ndiyo sababu vijiji kadhaa vya bara na visiwani vimekubaliana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache, kisha kuifungua pweza wakiwa wamenenepa. Makubaliano ya namna hiyo hufikiwa na wanakijiji wenyewe, mkutanoni, kwa kubishana. Baada ya miaka 15 watakaoketi katika mikutano hiyo ni hawa walio darasani sasa. Asiyewahi kuona tundu la pweza ataamuaje juu ya mwamba?

Tunadai, basi, kuanzia Darasa la Tatu, asubuhi mbili kila mwezi, zikipangwa kwa kalenda ya maji tangu muhula unapoanza. Wazee wanaoijua pwani waitwe kufundisha bega kwa bega na mwalimu, na walipwe, kwa sababu ujuzi wao ni kazi. Tunajua mwalimu hupimwa kwa mtihani. Mtihani nao uulize kile ambacho mtoto amekiona. Wazazi wanaoogopa maji wana haki ya kuogopa. Watoto waende na watu wazima wa kutosha, na wote wawe wametoka mwambani kabla maji hayajaanza kurudi kwa nguvu.

Kwa wenye hoteli na nyumba za ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mwambao, ndani ya mita 60 kutoka majini. Vijia vya kushukia pwani ambavyo wazee wetu walivitumia vifunguliwe, na mtoto mwenye sare ya shule asifukuzwe na mlinzi.

Wenzetu wa bara wana mito, mabonde na misitu yao. Waandike ilani yao nasi tutaiunga mkono.

Mwalimu mkuu unayeisoma ilani hii, bamvua haikai mbali zaidi ya wiki mbili. Muulize mvuvi yeyote wa kijijini kwako itaangukia siku gani, uiandike kwenye ratiba, umwombe bibi mmoja mchokoaji pweza awatangulie watoto.