Waliokunywa Maji Hawakuwa Wajinga

Tangu miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, kauli moja haikauki vijiweni na redioni: wanaofuata manabii ni wajinga waliolishwa uongo. Kauli hiyo ni ya zamani. Wakoloni waliipenda, kwa sababu ilimwondolea mtawala mzigo wa kuuliza watu wanalalamikia nini.

Anayevikumbuka vita vya Majimaji kama kisa cha watu walioamini kwamba risasi zitageuka maji, na aanze na pamba. Kuanzia 1902 serikali ya Kijerumani iliwalazimisha wanavijiji wa kusini mwa Tanzania ya leo kulima pamba chini ya majumbe na maakida, kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea.

Nabii Kinjekitile Ngwale alipoanza kutoa dawa kule Ngarambe, maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, watu walimiminika kutoka mbali. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa na mfalme mmoja, wala chama, wala gazeti. Dawa iliwapa kiapo kimoja, na wajumbe walioitwa mahongo wakaipeleka kijiji hadi kijiji. Kazi iliyokuja kufanywa na kadi ya chama cha TANU nusu karne baadaye ilifanywa kwanza na kibuyu.

Tena walikuwa na akili zao. Nabii aliwaambia wasubiri amri yake. Wamatumbi walichoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, waling'oa mipamba, na hilo likawa ndilo tangazo la vita. Kinjekitile alinyongwa tarehe 4 Agosti. Vita vikaendelea hadi 1907. Mfuasi kipofu haanzi vita bila ruhusa ya kiongozi wake, wala haviendelezi miaka miwili baada ya kiongozi huyo kuuawa. Jeshi la Götzen, gavana wa Kijerumani, lilichoma mazao na maghala kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Yapo makadirio yanayofika watu 300,000. Gavana aliyemfuata, Rechenberg, aliachana na yale mashamba ya pamba ya lazima.

Kenya nayo ina Elijah Masinde, mchezaji mpira na tarishi wa mahakama aliyeanzisha Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu. Aliwataka Wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Madai yake yalikuwa yaleyale ambayo miaka michache baadaye yalijaza mikutano ya siasa nchi nzima, na hakuna aliyeyaita kichaa tena. Inauma kwamba Kenya huru nayo ilimfunga.

Shakahola si Majimaji. Ngarambe watu walijiandaa kumkabili aliyewatesa. Shakahola watoto walinyimwa chakula hadi wakafa, na hilo ni jinai. Hapo ndipo udhaifu wa neno “ujinga” unapoonekana: linawatia kapu moja mpigania ardhi na mtoto aliyefishwa njaa, kisha linafunga mjadala.

Kabla ya msitu ule kufukuliwa, Paul Mackenzie alikwishakamatwa mwaka 2017, akakamatwa tena 2019, na Machi 2023 akaachiwa kwa dhamana. Kamati ya Seneti iliyochunguza mkasa huo ilivilaumu vyombo vya sheria kwa kushindwa kazi yake. Serikali inayotaka kuzuia Shakahola nyingine iache kuwahukumu marehemu kwa ujinga, na ianze na maofisa walioletewa malalamiko wakayaweka kando.