Kijumba cha Nyasi Nacho ni Jengo

Ugomvi wa mipaka ya mashamba, uhasama wa koo au shutuma za uchawi vinapoishia katika moto, husikika vijijini utetezi uleule: "Kilichoungua ni kijumba cha nyasi tu." Tunawaalika waamini wa Musoma, Bunda na Butiama waupime utetezi huo kwa sheria ya nchi na kwa mafundisho ya Mama Kanisa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, katika kifungu cha 319, yataja kosa la kuchoma moto kwa makusudi na bila uhalali jengo au kitu chochote kilichojengwa, kiwe kimekamilika au la. Haiulizi kama paa ni la bati au la nyasi, wala kama ukuta ni wa tofali au wa udongo. Boma ambalo halijaezekwa limo. Nyumba ya bibi kizee aishiye peke yake imo. Adhabu yaweza kufikia kifungo cha maisha, na kujaribu tu kutenda kosa hilo ni hadi miaka 14.

Kifungu hichohicho chataja pia lundo la mazao ya kilimo, na lundo la kuni au mkaa. Mazao yaliyo bado shambani yana kifungu chake, cha 321, chenye adhabu isiyozidi miaka 14. Hivyo anayechoma mtama uliokwisha kuvunwa na kurundikwa aweza kukabiliwa na adhabu kubwa kuliko anayechoma mtama uliosimama. Na neno "mali" katika sheria hiyo lajumuisha kila kitu kiwezacho kumilikiwa, chenye uhai au kisicho na uhai. Ng'ombe aliyemo zizini ni mali sawa na kitanda kilichomo ndani.

Hata hivyo, sheria hutafuta nia. Aliyekuwa akisafisha shamba lake, upepo ukauvusha moto hadi kwa jirani, hakutenda kosa lile la kifungu cha 319. Lakini je, yu huru mbele ya Mungu? Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chamwagiza aliyewasha moto alipe, iwapo umeteketeza nafaka iliyorundikwa au iliyosimama shambani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, nayo yafundisha kwamba kuharibu kwa makusudi mali ya mtu au ya umma ni kinyume cha maadili na hudai fidia.

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Kumfunga mkosaji peke yake hakumwezeki mjane paa. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru fidia, lakini haiwezi kumtia hatiani mtu ambaye mashahidi wake wote wamenyamaza. Wazee wanapoyamaliza mambo kwa mbuzi mmoja, na aliyeunguliwa akihamia kwa nduguze bila kurudishiwa chochote, hiyo si amani. Ni woga uliovikwa joho la upatanisho.

Tunasihi jumuiya ndogondogo zifanye mambo mawili: aliyeona aseme kweli mbele ya vyombo vya sheria, bila kuongeza wala kupunguza, na jirani zake aliyepoteza nyumba wamjengee, pasipo kungoja hukumu. Sheria imekwisha kukiita kijumba kile jengo. Sisi tusikiite pungufu ya hapo.